Kitabu cha Dini Ikola: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Anayetaka Biblia akiwa Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hulipia vitu viwili: kitabu, na safari ya kitabu. Maduka yenye vitabu vya kuchagua yako Mpanda mjini, na ukifunga safari kwa ajili ya kitabu kimoja tu, nauli ya kwenda na kurudi yaweza kuipita bei yake. Afadhali umwagize anayekwenda kwa shughuli nyingine, au jumuiya ikusanye maagizo yote pamoja. Mwenye ndugu Tabora ana njia nyingine: Kipalapala, karibu na Tabora, vimechapwa vitabu vya Kikatoliki kwa miaka mingi, na reli ya Tabora inafika Mpanda.

Kabla ya bei, jua unataka Biblia ipi. Union Version ya 1952 ndiyo waumini wengi wameikariri, na anayeizoea kanisani atapotea akifuata somo kwa tafsiri nyingine. Kiswahili chake ni kizito kwa kijana. Huyo ningempa Habari Njema ya miaka ya 1990, ataimaliza Injili ya Marko kwa jioni mbili tatu bila kuuliza maana ya maneno. Mkatoliki naye ahesabu vitabu kabla ya kutoa pesa: ni 66 au 73? Pasipo Deuterokanoni hatampata Tobiti, Yudithi wala Yoshua bin Sira, na masomo yao husomwa Misani. Kwenda kubadilisha Mpanda ni nauli ya pili.

Kwenye simu Biblia ni bure. Programu ya YouVersion haitozi kitu, na kuna tafsiri za Kiswahili za kupakua ukasoma bila mtandao, kwa hiyo bando linahitajika mara moja tu. Linalobaki ni chaji, na ujumbe unaoingia katikati ya zaburi. Mwenye simu janja tayari asisite. Asiyekuwa nayo asiinunue kwa sababu hiyo.

Ya kusikiliza inadharauliwa bila haki. Shirika la Faith Comes By Hearing limerekodi Agano Jipya kwa Kiswahili. Sauti hula bando zaidi ya maandishi, lakini mmoja akipakua, wengine huhamishiana kwa memori kadi. Bibi ambaye macho yamechoka na fundi anayeshona nyavu mikono ikiwa kazini hawana chaguo bora kuliko hilo.

Hata hivyo, kwa nyumba yenye wasomaji, mimi nasimama na karatasi. Tuseme Biblia imegharimu shilingi 25,000 na ikatunzwa miaka 10: ni 2,500 kwa mwaka, hazifiki shilingi 7 kwa siku, na mama, baba na watoto wanasoma hiyo hiyo. Ila lazima idumu. Ifungue katikati utazame mshono. Iliyoshonwa kwa uzi huvumilia; ya gundi tupu huanza kuachia kurasa, hasa kwenye unyevu wa ziwani. Ongeza pesa kidogo upate ya uzi.

Wakati wa kununua nao una hesabu yake. Dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikija, mitumbwi hupumzika. Pesa huja gizani, nafasi ya kusoma huja mbalamwezi. Agiza kitabu wakati wa giza, pesa ikingali mkononi.

Si lazima kiwe Biblia. Misale ya Waumini au Tenzi za Rohoni hufunguliwa kila wiki, na vijitabu vya maisha ya watakatifu na makatekista huwavuta hata wasiopenda kusoma. Jirani hapo Karema, ambako Mapadre Weupe walifika mwaka 1885, alifanya kazi Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga, akahudumu kama daktari na katekista kuanzia 1889 hadi miaka ya 1950. Ukikuta kijitabu chake, kichukue. Watoto wa Ikola wana haki ya kusoma habari za imani iliyoishi ufukweni kwao.

Walio na uwezo mdogo wachangie. Nyumba kumi zikitoa 3,000 kila moja, zina 30,000 za kuanzia sanduku la vitabu. Liwekwe kwenye nyumba ambayo mwenyewe haondoki mara kwa mara, na pawe na daftari: jina, kitabu, tarehe ya kurudisha.