Umefunga lapi na nenosiri? Cheki pahali siri zako bado ziko wazi

Wasee wengi wakishaweka nenosiri kwa lapi, wanajua wako salama. Zii. Kuna pahali data yako hukaa uchi, na si kwa diski. Ni kwa RAM.

Iko hivi: faili ikiwa kwa diski inaweza kuvurugwa isisomeke bila ufunguo. Ikipita kwa intaneti, pia. Lakini programu haiwezi kufanyia kazi kitu haisomi. Lazima ifungue, na ikishafungua, nenosiri na namba za kadi zinaanikwa kwa RAM kama nguo kwa kamba.

Sasa, kuna watu hukuja kuanua. Mwaka wa 2008, watafiti wa Princeton huko Marekani na wenzao walionyesha kuwa RAM haisahau papo hapo umeme ukikatika. Walichukua ile mikebe ya hewa ya kupuliza vumbi, wakaigeuza juu chini na kupulizia chipu hadi zikafika karibu nyuzi -50. Data ikabaki kwa dakika kadhaa, wakatoa funguo za diski humo ndani. Mkebe wa vumbi tu, manze!

Heartbleed ya 2014 ilikuwa noma zaidi, juu hakuna aliyehitaji kugusa mashine. Hitilafu ilikuwa kwa OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano yenyewe. Unatuma ujumbe mfupi, unadanganya seva ati ni mrefu, nayo inakurudishia huo ujumbe pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwa RAM, hadi kilobaiti 64 kila mara. Huko Canada, mamlaka ya ushuru ilipoteza namba za bima ya jamii za watu karibu 900.

Kama unaandika programu, tumia nenosiri kisha uandike sufuri juu yake hapo hapo. Lakini chunga: kompaila ikiona hutaisoma tena hiyo sehemu, inaweza kuruka kazi ya kufuta bila kukuambia. Ndiyo maana kwa C kuna amri kama explicit_bzero, ambayo hairukwi.

Na kama wewe ni mtumiaji tu, kabla uingie mat, zima lapi kabisa. Ukiifunika tu, inalala, na RAM inabaki na ufunguo wa diski yako mkononi mwa yeyote atakayeihepa nayo.