Kitu kimoja, rekodi moja: namna ya kupanga taarifa katika ramani shirikishi

Shule moja yenye majengo kumi katika Kata ya Kawetele, wilayani Rungwe, inaweza kuhesabiwa na kompyuta kuwa shule kumi. Hali hiyo hutokea mchoraji wa ramani anapoweka lebo ya shule juu ya kila jengo. Kwa mtumishi anayetegemea ramani hiyo kupanga mgawo wa madawati au chanjo, kosa hilo lina gharama kubwa.

OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004, huchorwa na wananchi wenyewe. Nchini Tanzania, mradi wa Ramani Huria ulioanza jijini Dar es Salaam mwaka 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaa, mifereji na majengo kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko.

Ramani hiyo hujengwa kwa vitu vitatu: nukta, mstari na uhusiano. Kisima ni nukta. Barabara ni mstari. Mstari uliofungwa huweza kuwa eneo. Uhusiano huunganisha vitu kadhaa viwe kitu kimoja. Lebo hueleza kitu hicho ni nini. Huandikwa kwa istilahi za Kiingereza zilizokubalika ili programu zote zizisome, lakini jina la mahali huandikwa kama wenyeji wanavyolitumia.

Kwa shule, mchoraji huchora mpaka wa eneo lote na kuweka hapo lebo ya shule pamoja na jina. Majengo ya ndani hupewa lebo ya jengo pekee. Kwa kuwa yamo ndani ya mpaka, uhusiano hauhitajiki. Iwapo barabara imeligawa eneo hilo, vipande viwili huunganishwa kwa uhusiano, na jina huandikwa mara moja kwenye uhusiano huo.

Barabara ndefu, kama ile itokayo Uyole kupitia Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, huchorwa kwa vipande, kwani daraja au badiliko la kikomo cha mwendo huhitaji lebo yake. Uhusiano wa njia huvirejesha vipande hivyo kuwa safari moja. Vivyo hivyo, mstari unaotenganisha kata mbili huchorwa mara moja na kutumiwa na kata zote mbili. Ukisahihishwa, mipaka yote miwili husahihika.

Hata hivyo, uhusiano si orodha. Hautumiki kukusanya shule zote za Kawetele kwa sababu tu ni shule. Lebo sahihi na mpaka wa kata vinatosha kuzitafuta.

Kabla ya kuhifadhi kazi, mchoraji anapaswa kuhakikisha kuwa kitu hicho hakijachorwa tayari, kwamba lebo kuu imewekwa mahali pamoja, na kwamba kila uhusiano unawakilisha kitu halisi kilichopo ardhini.