Juma Moja la Ngoma na Kura Katika Milima ya Buha

Msomaji mpendwa, wewe uliyezoea kuusikia muziki kwenye kumbi za mjini au katika redio sebuleni pako, leo nakuomba tufuatane hadi nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, Kasulu na Kibondo. Juma nitakalokusimulia ni la mwisho wa Oktoba, mwaka 2010, ambalo kampeni za Uchaguzi Mkuu zilikuwa zikifikia kikomo. Nilikuwa mgeni wa shangazi yangu, mjane mwenye shamba la maharage nje kidogo ya mji wa Kasulu, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha akina mama wa kijijini kwake.

Jumatatu jioni, baada ya kutoka shambani, akina mama walikusanyika uani kufanya mazoezi. Walikuwa na ngoma tatu, lakini ile kubwa ngozi yake ilikuwa imepasuka tangu kiangazi, ikawa inatoa sauti ya debe. Hata hivyo waliimba. Wimbo wao ulikuwa na beti nyingi za kumkaribisha mgeni, na ubeti mmoja wa kumwuliza: kisima cha maji kilichoahidiwa kiko wapi?

Jumanne akaja wakala wa mgombea mmoja. Chama chake sitakitaja, kwani jambo lenyewe lingeweza kutendwa na mtu wa chama chochote. Aliamkia kwa adabu, akaketi, akasema shida yake. Angenunua ngoma mpya, na kila mama angepata doti moja ya kanga. Naye aliomba mambo mawili tu: wamwimbie mgombea wake peke yake, na ule ubeti wa kisima uondolewe.

"Tumekusikia, baba," shangazi akamjibu. "Jawabu utalipata Ijumaa."

Hapana budi nikukumbushe, msomaji, kwamba jambo hili lina historia yake. Mwaka 2000 viliingizwa katika Sheria ya Uchaguzi vifungu vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha, ikaamua kwamba vinapingana na Katiba, maana mwenye fedha na asiye nazo hawawezi kushindana sawasawa. Na mwaka huo huo wa 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini sheria hukaa vitabuni, na kanga huja mlangoni.

Jumatano nilipanda basi kwenda Kibondo kumtafutia shangazi fundi wa ngoma. Wakati huo barabara ile haikuwa na lami. Mvua za kwanza zilikuwa zimeugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi, nasi abiria tulishuka mara mbili kusukuma. Njiani tulipishana na gari dogo lenye vipaza sauti, kijana mmoja amesimama nyuma akiimba muziki wa kizazi kipya na kutaja jina la mgombea kila baada ya mstari. Abiria mwenzangu akacheka akasema, "Huyu wiki iliyopita alikuwa akimtaja mwingine!"

Fundi alikuwa mzee wa makamo, mwingi wa maneno. Alinikumbusha kwamba katika Kirundi, lugha iliyo ndugu ya Kiha, neno moja, ingoma, lina maana mbili: ngoma ya kupigwa na enzi ya mfalme. Milima hii ilikuwa na himaya zake, Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, kila moja chini ya Mwami wake. Heru iliwahi hata kutawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Tangu utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, kura ndiyo imekuwa mwenye enzi. "Kwa hiyo," fundi akasema, "anayetaka kununua ngoma, mtazame vizuri. Huenda ananunua kitu kingine."

Alhamisi usiku, tukiota moto, jirani mmoja mzee alitusimulia uchaguzi wa 1965. Wagombea walikuwa wawili, wote wa TANU. Mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Walipanda jukwaa moja, wakahutubia watu wale wale, tena kwa Kiswahili tu, ili mtu asitafute kura kwa kabila lake. "Ngoma ilipigwa mara moja kwa wote wawili," akasema. "Haikuwa ya jembe wala ya nyumba. Ilikuwa yetu."

Ijumaa ikafika. Usidhani, msomaji, kwamba shauri lile lilikuwa jepesi. Mama mmoja kijana alisimama akasema waziwazi, "Ninyi mna kanga za kubadilisha. Mimi ninayo hii moja. Ubeti hautanifunika usiku." Hakuna aliyemcheka. Shangazi alikaa kimya muda mrefu, kisha akanena: "Mwanangu, husemi uongo. Lakini kanga itachakaa kabla ya miaka mitano, na maji tutayafuata kule kule bondeni. Tukiutoa ubeti huu sasa, tutaurudishaje?" Wakakubaliana kila mmoja atoe maharage kadiri ya uwezo wake, yauzwe sokoni, inunuliwe ngozi. Atakayewaalika wataimba kwake, na ubeti ubaki. Wakala alipewa jawabu kwa heshima, akaenda zake.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya mikutano. Kikundi kiliitwa na wagombea wawili, asubuhi na alasiri, kikaimba kote. Ulipofika ubeti wa kisima, mgombea wa kwanza alitabasamu akitazama juu. Wa pili alichukua kalamu akaandika. Kama aliandika kisima au aliandika jina lake, sijui. Nilichoona ni kwamba akina mama watatu wa kikundi hawakuwapo. Tuliwakuta njiani jioni, wamejifunga kanga mpya. Shangazi aliwasalimu kama kawaida, akawauliza watoto hawajambo.

Jumapili, tarehe 31 Oktoba, tulisimama katika foleni tangu alfajiri. Matokeo yalipotangazwa, majimbo matatu ya milima hii, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe, yalikwenda kwa NCCR-Mageuzi, na Kasulu Vijijini ikapata mbunge mwanamke, Agripina Buyogera. Shangazi yangu alimpigia nani? Sikumwuliza, wala wewe usiniulize.

Lakini wewe, msomaji, nyimbo za kampeni zitakufikia nawe katika mtaa wako, maana kila baada ya miaka mitano hurudi. Cheza, kwani muziki ni furaha. Ila sikiliza kama umo ubeti unaouliza. Na kama haumo, uliza nani ameutoa, na kwa doti ngapi.

Nilipoondoka Jumatatu, ngozi mpya ilikuwa imewambwa juani. Mmoja wa wale akina mama watatu alikuwa ameketi karibu nayo, amejifunga kanga yake mpya, akiwafukuza kuku wasiidonoe.