Jani Ni Lile Lile



Asubuhi moja ya mvua tuliitwa nyumbani kwa Mkristo mmoja upande wa Migori, tukamwombee mtoto wake wa miaka 12. Alikuwa akitapika, kichwa kikimuuma na jasho likimtoka. Jirani mmoja alisema ni malaria, mwingine akanong'ona kwamba amerogwa. Mama yake alitueleza kwamba tangu alfajiri alikuwa akichuma tumbaku ili karo ipatikane. Tulipomshika, shati lilikuwa limelowa chapachapa.

Ndani ya jani la tumbaku mna sumu iitwayo nikotini. Mmea huitengeneza mizizini na kuipeleka majanini, ili wadudu wasiule. Jani likilowa mvua au umande, nikotini huyeyuka katika maji hayo, hupenya ngozi na kuingia damuni. Ndipo huja kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Mtoto, kwa udogo wa mwili wake, huumia upesi. Yule wetu alioshwa, akapelekwa hospitali, na siku ya pili alikuwa mzima.

Sasa twendeni Homa Bay, ziwani. Wavuvi wa omena hukesha na taa zao, na wengine huvuta sigara ili kufukuza usingizi. Moshi ukiingia mapafuni, nikotini hiyo hiyo hufika ubongoni kwa sekunde chache tu. Huko huingia mahali palipowekewa mjumbe wa mwili wenyewe, kama mwizi mwenye ufunguo wa kuiga. Ubongo hutoa dopamini, iletayo raha. Moyo hupiga mbio, mishipa ya damu hubana. Baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini imekwisha damuni, na mtu atamani sigara nyingine. Huo si ukaidi tu, ni kifungo. Aliyefungwa ahitaji kusaidiwa kuliko kukaripiwa.

Ndugu, tumezoea kumkemea mvutaji mlangoni mwa kanisa, huku tukipokea sadaka ya tumbaku bila kuuliza ni nani aliyeichuma. Jani ni lile lile.

Hatumhukumu mkulima, shamba ndilo limlishalo. Lakini watoto wasichume tumbaku. Mtu mzima naye angoje majani yakauke, avae glavu na nguo za mikono mirefu. Akilowa, abadili nguo na kuoga kwa sabuni. Akiugua, daktari aambiwe kwamba ametoka shamba la tumbaku. Tena njia nyingine ipo: mwaka 2022 mamia ya wakulima wa Migori, wakisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na wenzake, walipanda maharagwe badala ya tumbaku.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kuuheshimu mwili kama makao ya Roho. Mwili wa mvuvi ni makao hayo, na mwili wa mtoto anayechuma pia. Mungu atupe moyo wa kuwalinda wote wawili. Amina.