Kamera yako inabadilisha mwanga ovyo? Usikimbilie fundi

Uko kwa harusi ya watu. Picha ya kwanza imetoka poa, ya pili giza totoro, ya tatu nyeupe pe, na bibi harusi hajasonga hata hatua. Deposti ya mteja ushakula. Unafanyaje?

Tulia. Mara nyingi kamera si mbovu. Kipima mwanga chake hakijui gauni ni jeupe. Hukisia kila kitu ni kijivu. Gauni likijaa kwenye fremu, kinapunguza mwanga. Suti nyeusi ikijaa, kinaongeza. Na kama umekiweka kipime nukta moja tu, ukisogeza kamera kidogo hesabu yote inabadilika.

Kabla ya kazi nyingine, jaribu hivi. Weka kamera kwa tripodi, ielekeze kwa ukuta wa rangi moja, kivulini. Chagua modi ya M, f/8, ISO isiwe ya otomatiki, zima flashi, kisha piga picha 10. Zikifanana, shida ni kipimo: pima fremu nzima, na ucheki +/- iko sufuri. Zisipofanana, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, urudie. Zikitulia sasa, ujue tundu linakwama. Hapo ndipo fundi anaingia.

Na taa za ukumbini je? Stima yetu ni hezi 50, kwa hivyo taa nyingi za bei rahisi humeta mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/500 itazinasa mara zimewaka, mara zimefifia. Shuka hadi 1/100 au 1/50.

Majaribio haya ni ya bure. Kumrudishia mteja pesa si bure.