Nyuzi za Kioo Kakamega: Uteuzi, Utandazaji na Upimaji Wake

Utangulizi

Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea zaidi setilaiti zilizo angani umbali wa kilomita 36,000 hivi. Mwaka huo kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, nayo EASSy ikafuata mwaka 2010. Katika nchi kavu, serikali ilijenga mtandao wa NOFBI, ambao baadaye ulipanuliwa ili kufikia makao makuu ya kaunti, Kakamega ikiwamo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, sawa na vyuo vingine wanachama wa KENET, ni miongoni mwa wanaonufaika na nyuzi za aina hii. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kebo hizo zinavyoteuliwa, kutandazwa na kupimwa. Yanashikilia kwamba anayepokea kebo bila kudai vipimo vyake ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Uteuzi

Uzi mmoja una kiini cha kioo safi kilichozungukwa na ganda la kioo cha aina nyingine, lenye kipenyo cha mikromita 125. Nuru inapougonga mpaka wa kiini na ganda hurudishwa ndani, hivyo husafiri pasipo kutoroka. Kuna aina mbili kuu. Uzi wa njia moja una kiini cha mikromita 9 hivi na hufaa masafa marefu. Uzi wa njia nyingi una kiini cha mikromita 50 au 62.5 na hufaa ndani ya jengo au kati ya majengo jirani.

Baada ya uzi, huangaliwa vazi lake. Kakamega ni eneo la mvua nyingi na radi za mara kwa mara. Kioo hakipitishi umeme. Kwa hiyo kebo isiyo na chuma chochote ndiyo salama zaidi inapotundikwa kwenye nguzo. Kebo ya kufukiwa, kwa upande mwingine, aghalabu huvikwa chuma ili kuihami dhidi ya fuko, panya na majembe. Chuma hicho kisipounganishwa barabara na ardhi, chaweza kuileta radi hadi kwenye mitambo. Fauka ya hayo, kebo ya ardhini sharti iwe na kizuizi cha maji ndani yake.

Utandazaji

Adui wa kwanza wa uzi ni mkunjo. Kanuni ya kawaida ni kwamba kebo inapovutwa, nusu kipenyo cha pindo lake kisipungue mara 20 ya unene wa kebo, na ikishatulia kisipungue mara 10. Kebo yenye unene wa milimita 15, basi, isipindwe chini ya sentimita 30 wakati wa kuvutwa. Mtaro huchimbwa kwa kina cha mita moja hivi au zaidi, na utepe wa tahadhari hulazwa juu ya kebo ili mchimbaji wa baadaye aonywe mapema.

Ncha za nyuzi huungwa kwa kuyeyushwa kwa cheche ya umeme. Kiungo kizuri hupoteza nuru isiyozidi desibeli 0.1. Ama viunganishi vya kuchomeka, usafi ndio uhai wavyo, kwa maana chembe moja ya vumbi yaweza kukifunika kiini chote. Aidha, kiunganishi cha kijani, ambacho uso wake umekatwa mshazari, hakipaswi kuunganishwa na cha buluu.

Upimaji

Chukua mfano wa njia ya kilomita 50, ambao ni takribani mwendo wa kutoka Kisumu hadi Kakamega. Nuru ya nanomita 1550 hupungua kwa desibeli 0.2 hivi katika kila kilomita. Jumla ni 10. Vipande vya kilomita 4 vitahitaji viungo 12, yaani desibeli 1.2. Viunganishi viwili vya miishoni vyaweza kuongeza 1. Hivyo upungufu unaotarajiwa ni desibeli 12.2, na nuru inayofika ni asilimia 6 hivi ya iliyotumwa. Kipimo halisi kikionyesha 18, kuna kasoro iliyofichwa: pindo kali, kiungo kibovu au uchafu.

Mahali pa kasoro hutafutwa kwa chombo kinachotuma mapigo ya nuru na kusikiliza mwangwi. Nuru hupita ndani ya kioo kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukirejea baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, nuru imekwenda na kurudi kilomita 20. Basi kasoro iko kilomita 10 kutoka chomboni. Mpimaji asichungulie ncha ya uzi kamwe, maadamu nuru hiyo haionekani lakini yaweza kuidhuru mboni.

Hitimisho

Maelekezo ya vifaa hivi aghalabu huja kwa lugha za kigeni, ilhali anayeshika jembe kando ya barabara, bawabu anayefungua chumba cha mitambo na mwalimu mkuu anayetia sahihi ya kupokea kazi huweza kuwa wanatumia Kiswahili. Tanzania ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano; nchini Kenya wengi husema faiba tu. Kiini, ganda, kiungo na upungufu ni maneno yaliyomo tayari katika lugha. Yakisanifiwa na kufundishwa, mwalimu mkuu huyo ataweza kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: upungufu uliotarajiwa ni desibeli ngapi, na uliopimwa ni ngapi?