Sura ya Tano: Mguu Nao Unataka Nafasi

Ukianzisha mazungumzo ya breki za chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, utajibiwa mambo matatu. Wa kwanza atakuambia kwamba mzigo mzito hukibana chombo barabarani, kwa hiyo kitasimama upesi. Wa pili atashusha sauti na kukutajia kilima chenye ulozi. Wa tatu, mara nyingi mgeni mwenye mradi, ataisifu chukudu kwa kuwa haichomi mafuta, kisha atapendekeza ifungwe breki ya baiskeli. Hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza mguu wa mwendeshaji unakaa wapi.

Nilikusudia kuigawa sura hii katika mafungu matatu yaliyo sawa: goti, mguu wa kusukuma na mguu wa breki. Mawili ya kwanza yanaisha upesi. Goti linataka kipande cha raba, hata kandambili kuukuu, kilichopigiliwa pale linapotua, kwa sababu goti linaloteleza humfanya mtu ashikilie usukani kama nguzo badala ya kuuongoza. Mguu wa kusukuma unataka ubavu wa ubao usio na misumari iliyochomoza wala kamba zinazoning'inia. Baada ya hapo tunafika kwenye breki, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Tuanze na mzigo. Wanaosema uzito husaidia kusimama wamemsikiliza dereva wa lori. Breki ya lori huendeshwa na hewa iliyoshindiliwa. Ina nguvu ya kulizuia gurudumu lisizunguke kabisa, hivyo swali linalobaki ni kama tairi itashika udongo. Breki ya chukudu huendeshwa na paja la mtu. Ongeza magunia mawili ya makaa, paja ni lile lile. Kama nguvu ya breki haikubadilika na uzito umezidi maradufu, basi kwenye tambarare, kwa mwendo ule ule, utahitaji umbali maradufu ili usimame. Na mwendo ukizidi maradufu, umbali unakuwa mara nne.

Kwenye mteremko mambo ni mabaya zaidi. Chukua chukudu, mtu na mzigo, jumla kilo 400, kwenye njia inayoshuka mita 1 kwa kila mita 10. Kilima kinakivuta chombo hicho kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40 hivi. Tuseme udongo na ekseli vinakula kilo 10. Zinabaki 30, na hizo ni za kuzuia mwendo usizidi tu, bado hatujazungumzia kusimama. Raba ikisugua gurudumu huzuia, tuseme, nusu ya nguvu inayoikandamiza. Kwa hiyo lazima uikandamize kwa kilo 60. Anayekanyaga kipande cha tairi moja kwa moja juu ya gurudumu la nyuma atalazimika kusimama juu yake kwa mwili wake wote, na goti alitoe lilipo.

Ndiyo maana wako mafundi wanaofunga kibao chenye bawaba: raba iko karibu na bawaba, mguu uko mbali. Ukiwa mbali mara tatu, kilo 20 za mguu zinakuwa 60 kwenye raba. Mafundi wengi wanaijua faida hiyo. Wasichokihesabu ni gharama yake, kwa maana wenzo hautoi nguvu ya bure. Raba ikitakiwa kusogea sentimita 2 ndipo ikamate, mguu lazima ushuke sentimita 6. Raba ikilika sentimita 1, mguu sasa unatakiwa kushuka 9. Kama chini ya kibao kuna nafasi ya sentimita 7 tu, breki iliyofanya kazi vizuri ilipotoka kwa fundi itakuja kugoma siku moja bila kitu chochote kuvunjika.

Nilikusudia kumaliza hapa, lakini lazima nieleze chukudu niliyoiona Kalembe, mashariki mwa Kongo, pale Masisi inapopakana na Walikale, kwenye barabara inayotoka Mweso kwenda Pinga. Ilikuwa imechongwa kwa mkaratusi mzuri, kibao cha breki kimefungwa sawasawa, raba nene. Mwenyewe alikuwa ameanguka nayo. "Papa, freni iko muzuri," aliniambia, "ni ule mulima njo uko na mambo." Nilimwomba aipakie kama kawaida yake kisha akanyage. Gunia lilikuwa limetikiswa na njia hadi likatuna kwa nyuma, na buti lake la mvua lilikuwa pana kuliko kandambili alizovaa siku alipoijaribu kwa fundi. Kisigino kiligota kwenye ukingo wa ubao, vidole vikakutana na gunia. Kibao kilishuka nusu ya safari yake. Raba iligusa gurudumu lakini haikuliminya.

Chukudu tupu zilikuwa zinapita kilima hicho hicho kila siku salama. Mlozi gani huyu anayechagua zile zenye gunia lililotuna? Nasema hivi kwa ukali kwa sababu anayeamini kilima kimerogwa hataitazama raba yake, na kesho atapakia vile vile. Na yule mgeni wa breki ya baiskeli naye aelewe: waya na vyuma vyake havikuundiwa kilo 400, wala haviongezi nafasi ya kisigino.

Tatizo hili si la watu wa mbao peke yao. Lotus Seven, gari dogo lililotoka Uingereza mwaka 1957, liliuzwa pia likiwa vipande, mnunuzi akaliunganisha mwenyewe. Ni gari jepesi na lenye mbio, lakini mahali pa miguu ni finyu: giaboksi katikati, fremu ubavuni, na pedali zimebanana kiasi kwamba kiatu kipana hukanyaga mbili kwa pamoja. Wenye magari hayo hununua viatu vyembamba au huzisogeza pedali. Gunia la Kalembe na giaboksi ya Lotus vimefanya kosa moja.

Tiba ni rahisi. Pakia mzigo kamili, vaa buti za masika, kanyaga hadi mwisho, na weka alama ya makaa pale mguu unapogota. Pigilia kijiti cha kukingama ili gunia lisirudi nyuma. Kata pengo la kisigino kwenye ukingo wa nyuma tu. Usiuguse mti mkuu katikati, kwa kuwa huko ndiko mzigo unakoupinda zaidi, na pengo dogo huwa mwanzo wa ufa. Usiisogeze bawaba ili upate nafasi, utapoteza nguvu uliyoitafuta. Usingoje raba ilike sentimita 1, ibadilishe mapema. Ukimaliza, jaribu tena mahali pa tambarare, ukiwa na mzigo na buti zile zile, kabla hujakisogelea kilima.